Tairi huliwa kwa ndani
Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema kinachomlemea anayenunua gari la michezo mara ya kwanza ni mafuta. Mimi nasema ni tairi. Subaru WRX yangu hapa Nakuru kwa nje ilikuwa na meno mazuri tu. Siku nilipokata usukani hadi mwisho na kuchungulia ukingo wa ndani, nyuzi za chuma zilikuwa zimetokeza. Alaimenti, yaani mpangilio wa pembe za magurudumu, ilikuwa imeharibika, na nilikuwa nateremka mteremko mkali wa Salgaa hivyo hivyo, watoto wakiwa ndani! Tena tairi moja ikipasuka, usibadilishe hiyo peke yake: kwenye gari kama hili injini inazungusha magurudumu yote manne, na tairi zikipishana kimo, difu ya katikati, ile gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ndiyo inaumia. Someni pia tarakimu nne ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake imetengenezwa wiki ya 23, mwaka 2019. Wenzangu wa Kisumu, seti nzima mnanunua wapi?