Kate wa Seattle, mpenzi asiyeonekana

Katika Go Fish, filamu ya mwaka 1994 iliyopigwa Chicago kwa picha nyeusi na nyeupe, Ely, mwanamke apendaye wanawake, ana mpenzi aitwaye Kate. Kate yuko Seattle, hawajaonana muda mrefu, na mtazamaji hamwoni. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ya Ely inafukuza wachumba vizuri tu. Usiku anaporudi kutoka sinema na Max, binti aliye mdogo kwake, wanabusiana, na papo hapo simu inalia. Ni Kate.

Wasioipenda filamu hii husema haina kisa: wanawake wanapendana, marafiki zao wanalaza vichwa pamoja na kuwajadili kama mashangazi wapangao posa, basi. Bajeti ilikuwa kiduchu, na inaonekana. Mimi vipande vya kishairi vinavyopachikwa kati ya matukio vinanichosha. Na pale Daria, mmoja wa marafiki hao, anapolala na mwanamume, kisha wenzake wakamzingira usiku kumhoji kama bado ni mmoja wao, nahisi nimeketishwa barazani kusikiliza hoja za pande zote. Hata hivyo lile swali halikuwa rahisi kuulizwa na wenyewe kwa wenyewe.

Watetezi wana hoja nzito zaidi. Hakuna anayekufa, hakuna anayejuta kumpenda mwanamke mwenzake. Tamasha la filamu la Sundance lilipoionyesha, kampuni ya kusambaza filamu ya Samuel Goldwyn iliinunua, nayo ikaingiza zaidi ya dola milioni 2 Marekani. Watu walilipa kuona mambo madogo: Ely anakata nywele zake ndefu, Max, ambaye mwanzoni alimwona Ely mbaya, anaanza kumwona upya, kisha anashika vidole vyake na kumkata kucha, kimoja kimoja. Ndilo tukio la mahaba kuliko yote mle ndani, na halikuhitaji pesa.

Ninachoilaumu ni kwamba Kate hapewi nafasi ya kujieleza. Anabaki kisingizio cha Ely. Ila pengine waliotengeneza walijua kuachana kunavyochukua muda. Mwongozaji Rose Troche na Guinevere Turner, aliyeandika naye hadithi na kuigiza Max, walianza kazi hiyo wakiwa wapenzi. Waliachana kabla haijakamilika, wakaimalizia hivyo hivyo, Turner akitongoza mbele ya kamera na Troche akiwa nyuma yake.