Sili Moja Tu, Jamani!

Hivi sili ya pampu ya maji ya trekta, kile kiduara cha kuzuia maji yasivuje, ni dhahabu? Trekta letu ni Massey Ferguson 135, injini ya Perkins ya silinda 3, la miaka ya 1970, na mpaka leo linalima. Kinachovuja ni kiduara kidogo tu, nami nimetembea nacho mfukoni Mombasa nzima: Changamwe, Jomvu, nikavuka feri Likoni, nikarudi mikono mitupu. Kila duka, muuzaji anakigeuzageuza, anakinusa (wananusa nini?), kisha: "Mkubwa, hii haiko. Lakini iko inayofanana."

Inayofanana! Mimi na kaka yangu tunafanana, je, suruali yake yanienea?

Nimenunua mbili za kufanana. Ya pili ilivuja hata sijamaliza kujaza maji rejeta.

Halafu eti, "Agiza Nairobi." Nairobi! Meli zashusha makontena hapa Kilindini, twaziona, spea ipande lori mpaka bara, kisha nilipe tena irudi kwa basi? Wenzangu wenye matrekta ya kale, mwaishije? Masika hayo yaja, na jirani ashaniuliza mara mbili kama nauza chuma chakavu.