Sultani kajifungua

Muuzaji aliniapia kinyonga yule ni dume. Nami nilipoona ule upanga wa nyama na mfupa uliosimama kichwani kama kilemba, sikuuliza la pili, nikamwita Sultani. Jike naye anacho kilemba, kidogo zaidi, lakini hilo nilikuja kulikumbuka mambo yalipokwisha haribika.

Tena mjinga sikuwa. Muulize yeyote anayefuga kinyonga wa Yemeni hapa Manchester, nilikuwa nawatolea darasa. Kizimba changu cha wavu kina kimo cha sentimita 120, upana 60, kimeinuliwa juu ya meza, kwa sababu kinyonga akitazamwa kutoka juu anajiona anawindwa. Tyubu ya UVB, taa yenye miale kama ya jua, inawaka kwa saa 12, imekaa sentimita 25 hivi juu ya tawi analootea joto, na kila mwaka naibadilisha ingawa bado inawaka: mwanga hubaki, miale ndiyo huisha. Bila miale hiyo mwili hautumii kalsiamu, mifupa inalainika, miguu inapinda kama ya kiti cha plastiki kilichokaliwa na bwana harusi mnene. Nyenje wanashindishwa karoti na majani mabichi siku nzima, ndipo wanapakwa unga mwembamba wa kalsiamu na kupelekwa mezani. Maji ya bakuli hayaoni hata ukimtia ndani, anajua kulamba matone yanayotiririka kwenye majani, kwa hiyo nampulizia dakika mbili asubuhi na dakika mbili jioni. Hata choo chake nilikuwa nakisoma kama gazeti: ile sehemu ngumu ya mkojo ikiwa nyeupe, amekunywa, ikiwa rangi ya chungwa kali, ana kiu.

Kitu kimoja sikukitazama, kisigino. Dume wa aina hii huanguliwa na kipi, kijimwiba nyuma ya mguu wa nyuma, kama cha jogoo. Kumgeuza na kutazama ni kazi ya sekunde tatu. Mimi nilikaa naye miezi mitatu.

Mama mkwe alipofika kutoka Tanga, Sultani alikuwa na miezi minane. Alisimama mlangoni na mkoba wake, akakiangalia kizimba, akaniangalia mimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyo si ndiye aliyetumwa na habari ya uzima akazubaa njiani, mauti yakatutangulia? Ndiye mnayekaa naye sebuleni?"

Nikamwambia huyu katokea Yemeni, labda ujumbe ule alitumwa ndugu yake. Hakucheka. Alijichukulia upande wa dirisha, kwenye ndoo ya lita 20 tuliyootesha mchaichai, akawa anaimwagilia kila siku na kukata majani ya chai alfajiri. Udongo wa ile ndoo ukawa laini, wenye unyevu, kina chake karibu sentimita 30. Kumbukeni vipimo hivyo.

Basi Sultani akaanza kunenepa. Nikamwambia mke wangu, ona matunzo yanavyolipa. Akapaka rangi ya kijani iliyokoza, na juu yake madoa ya samawati na njano. Nikasema kapendeza, kavaa ya Idi. Akasusa nyenje. Nikasema nyenje wa safari hii wabaya, nikawabadilishia duka. Kisha yule mnyama ambaye kwa kawaida hutumia robo saa kufikiria hatua moja akawa anashuka hadi sakafuni mwa kizimba, anakwaruzakwaruza pembeni, anapanda, anashuka tena. Nikaamua anahisi joto. Ijumaa usiku nikaiinua taa kidogo, nikajipongeza, nikaenda kulala. Kitasa cha kizimba nilikiacha wazi.

Alfajiri ukapigwa ukelele ambao nadhani uliwafikia hadi jirani wa ghorofa ya tatu.

Nikakuta mama mkwe kapanda juu ya kochi, kisu mkononi. Kwenye ndoo ya mchaichai palikuwa na shimo, na ndani ya shimo kichwa chenye kilemba kilichojaa udongo. Jicho moja linamtazama mama. Jingine linatazama kisu.

"Kajichimbia kaburi!" mama akasema. "Mnyama kajua ajali yake!"

Hapo ndipo damu iliponienda kichwani. Tumbo, madoa, kususa chakula, kuchimba. Sultani alikuwa na mimba pevu, na mimi mwenye darasa sikuwa nimemwekea hata kopo la mchanga, maana dume hatagi. Jike wa Yemeni hutaga hata kama maishani mwake hajamwona dume, na akikosa pa kuchimba huweza kuyazuia mayai tumboni mpaka yamuue. Tena ana haya: akijua anaonekana anaweza kuliacha shimo. Jike aliyeacha kuchimba, akalala chini amefumba macho mchana, huyo humpulizii maji wala kumsubiri. Unampeleka kwa daktari wa wanyama saa ileile.

Nikanong'ona: "Mama, tafadhali shuka polepole. Anataka kuzaa."

Mama akashusha kisu. Akanitazama kwa muda mrefu. "Sultani?"

"Ndiyo, mama."

Bila neno akavua kanga ya mabegani, akanipa ncha moja, tukaifunga kwenye viti viwili kuizunguka ndoo. Imeandikwa *Wastara hasumbuki*. Kuanzia hapo sebule ikawa chumba cha wazazi. Televisheni marufuku, mapazia yamefungwa, na kila nilipotaka kuchungulia mama alinishika sikio. Kwa muda wa saa 26 tulikula jikoni tumesimama, tukisikiliza udongo ukikwaruzwa nyuma ya kanga.

Jumapili asubuhi shimo lilikuwa limefukiwa na kushindiliwa kwa miguu, na Sultani yuko juu ya jani la mchaichai, mwembamba kama ganda la ukwaju, amepakaa tope mpaka kope. Nilipomrudisha kizimbani nikamgeuza. Visigino vitupu, hakuna kipi. Nikamnyeshea maji ya uvuguvugu muda mrefu, naye akalamba bila kupumzika, kisha nikamlisha nyenje wa kutosha na kalsiamu kwa siku kadhaa.

Mayai tuliyachimbua kwa kijiko, 41, meupe, ganda laini kama ngozi, kila moja kama pipi ya mnanaa iliyovutwa. Mama akauliza baba yao nani. Nikasema hawana. "Astaghfirullahi." Nikaeleza kwamba ni kama kuku wa kisasa, anataga bila jogoo, na mayai hayatoi kitu. Hapo akaridhika, ila mchaichai ule hakuugusa tena mpaka anaondoka. Alikuwa na kazi nyingine: kunilaumu kwamba mzazi hapewi wadudu wakavu, apikiwe uji wa pilipili manga.

Nilimpigia muuzaji. "Ulisema dume."

"Una uhakika si dume?"

"Nina mayai 41."

Akasema atanipunguzia bei ya nyenje.

Sasa ana ndoo yake mwenyewe, mchanga uliooshwa na kuloweshwa kiasi kwamba ukitoboa kwa kidole tundu halibomoki. Joto la tawini limeshuka hadi nyuzi 27, na chakula ni nyenje watatu au wanne kila baada ya siku moja, kwa sababu jike akishiba na kupata joto kali hutaga mayai mengi zaidi na mapema zaidi, na kila uzao unampunguzia umri.

Wiki iliyopita mama alipiga simu kutoka Tanga. Hata salamu hazijaisha: "Mzazi hajambo?"

"Hajambo, mama. Nimempunguzia chakula, ili asizae tena upesi."

Simu ikanyamaza.

"Mwanangu," akasema, "hebu mpe mke wako simu. Nataka nimsikie kama anakula."