Nyongeza ikicheleweshwa, pensheni ndiyo hukatwa

Kila walimu wa Kenya wanapoweka chaki chini, lawama huja kwa mpangilio uleule. Mbona muhula wa tatu, watahiniwa wakiwa mlangoni mwa mtihani? Mbona mtoto wa maskini ndiye alipishwe deni la serikali? Na mbona walimu peke yao, kana kwamba muuguzi na askari hawaendi sokoni? Si maswali ya kipuuzi hayo, na mzazi anayeyauliza hana nia mbaya. Ila yote yanahusu namna walimu wanavyogoma. Ni nadra kusikia mtu akiuliza kwa nini ahadi iliyokwisha kutiwa saini lazima idaiwe tena barabarani, au nani hufaidika inapokawia.

Historia yenyewe inajulikana, kwa hiyo nitaigusa tu. Oktoba 1997, miezi isiyofika mitatu kabla ya uchaguzi mkuu, chama cha walimu cha KNUT chini ya Ambrose Adeya Adongo kiliitisha mgomo, na serikali ya Moi ikakubali nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200, ilipwe kwa awamu. Kura zikapigwa, awamu ya kwanza ikalipwa, kisha ikasemwa hazina haina kitu. Mgomo wa 1998 ukavunjwa. Mwaka 2002, uchaguzi mwingine ukinukia, walimu wakatoka tena. Sehemu iliyobaki ikaja kulipwa kidogo kidogo baada ya Kibaki kuingia Ikulu. Mtu anayeitazama hadithi hii kwa juu atasema basi mambo yaliishia vizuri, kwa kuwa hatimaye pesa zilitoka.

Kwa aliyekuwa na miaka 35 hapo 1997, pengine ni kweli. Kwa aliyekuwa na miaka 54, umri wa kustaafu wakati huo ukiwa miaka 55, haikuwa hivyo hata kidogo, na sababu yake imejificha katika fomula ambayo wengi wetu hatujawahi kuiangalia.

Katika mfumo wa zamani wa pensheni ya umma, malipo ya mstaafu yanatokana na mshahara wa msingi anaoondoka nao. Unachukua mshahara huo kwa mwaka, unauzidisha kwa idadi ya miezi aliyotumikia, unagawanya kwa 480. Robo ya jibu inaweza kugeuzwa kuwa malipo ya mkupuo kwa kuzidishwa mara 20, na robo tatu zinazobaki ndizo mstaafu atakazokula kila mwezi. Tuchukue mwalimu wa kufikirika aliyefundisha miaka 30, yaani miezi 360, na mshahara wa msingi wa Sh40,000. Kwa mwaka ni Sh480,000, na pensheni yake ya mwaka inatoka Sh360,000. Mkupuo ni Sh1.8 milioni, na kila mwezi anapata Sh22,500. Sasa tuseme alikuwa ameahidiwa nyongeza ya asilimia 50, na ikaingia kabla hajaondoka. Mshahara unakuwa Sh60,000, mkupuo unapanda hadi Sh2.7 milioni, na pensheni ya mwezi inafika Sh33,750.

Tofauti hapo ni Sh900,000 mkononi siku ya kuondoka na Sh11,250 kila mwezi, maadamu yu hai. Laki tisa hizo, kwa mwalimu wa kijijini, ndizo nyumba ya matofali, au karo ya kitinda mimba chuoni, au kulipia mkopo wa sacco uliobaki. Na hakuna kosa alilofanya kuzikosa. Amezaliwa tu mwaka mmoja mapema kuliko mwenzake, na nyongeza ikaja mwaka mmoja baadaye kuliko ilivyoandikwa.

Ndiyo maana sioni ukweli katika usemi kwamba serikali ikichelewesha nyongeza huwa inaahirisha gharama. Kwa kila mwalimu anayestaafu katikati, gharama hiyo inafutwa kabisa. Hata akilipwa malimbikizo ya mshahara, pensheni haifufuki yenyewe. Lazima mtu aidai.

Na walidai. Walimu wapatao 52,000 waliostaafu baada ya makubaliano ya 1997 walipata pensheni zilizokokotolewa kwa mishahara ya zamani. Wakaenda mahakamani, na mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Nakuru ikawapa haki: zaidi ya Sh42 bilioni. Rufaa ikafuata, kisha danadana ya ofisi hadi ofisi. Miaka ikapita wazee wale wakiandamana na nakala za hukumu mikononi, na wengi walizikwa kabla ya kuona chochote. Mwalimu wa leo aliwaona. Wengine walikuwa wazazi wake, au mwalimu wake wa darasa la nne. Ukimwambia asubiri mazungumzo, awe na subira, mambo yatanyooka, anajua subira hiyo iliwafikisha wapi waliomtangulia.

Fomula hiyohiyo inaeleza kitu kingine kinachowashangaza watu: kwa nini walimu hukasirika wakipewa marupurupu. Ya nyumba, ya usafiri, ya mazingira magumu, yote ni pesa, na zinaingia benki siku moja na mshahara. Lakini katika hesabu ya pensheni hazimo. Mpe yule mwalimu wetu Sh20,000 kama marupurupu ya nyumba, na pensheni yake itabaki Sh22,500. Anayeuangalia mwisho wa mwezi ataona serikali imekuwa karimu. Anayeuangalia mwaka wa kustaafu ataona kinyume chake.

Tugeukie sasa upande wa pili, ambao una uzito wake. Walimu walioajiriwa na TSC, tume inayoajiri walimu wa umma, wanakaribia au kupita laki tatu kulingana na mwaka unaouhesabu. Ukiwaongeza walimu 300,000 shilingi elfu moja tu kwa mwezi, umeongeza Sh3.6 bilioni kwa mwaka, na hakuna mwalimu atakayekushukuru kwa hiyo elfu moja. Hakuna kundi lingine serikalini ambalo nyongeza ndogo hivyo hugeuka mlima mkubwa hivyo. Ndiyo maana Katiba ya 2010 ikaweka tume ya mishahara, SRC, ili kila kundi lisije kivyake na rungu lake. Mwaka 2015, Jaji Nduma Nderi alipowapa walimu nyongeza ya asilimia 50 hadi 60, Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Novemba mwaka huohuo, na mojawapo ya hoja ilikuwa kwamba ushauri wa tume hiyo haukuheshimiwa. Binafsi naona hoja hiyo ina mashiko. Jaji mmoja hawezi kupanga bajeti ya nchi.

Kisha kuna mtoto. Mgomo wa 2015 ulichukua wiki tano hivi. Shule nyingi za kibinafsi ziliendelea na masomo huku za umma zikiwa na madawati matupu, na mtihani wa kitaifa ukawakuta wote kwa tarehe ileile. Mzazi mwenye uwezo alitafuta mwalimu wa kumfundishia mwanawe nyumbani, na mara nyingine mwalimu huyo alikuwa mmoja wa wanaogoma. Asiye na uwezo alingoja. Vyama havijawahi kulijibu hili kwa maneno ya kutosha. Huahidi kufidia vipindi vilivyopotea, lakini ahadi hiyo nayo haina anayeifuatilia.

Lakini hata hili la muhula wa tatu lina maelezo ambayo hayahitaji roho mbaya ya mtu yeyote. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Nyongeza zilizokubaliwa kwa kawaida huandikwa zianze Julai. Mwalimu hugundua hazimo anapotazama hati ya mshahara mwishoni mwa mwezi, na Agosti shule ziko likizoni. Fursa ya kwanza ya kugoma watoto wakiwa darasani ni siku ya kufungua muhula wa tatu. Atakaye mgomo uondoke kwenye msimu wa mtihani angeanza kwa kuuliza kama lazima nyongeza ianze mwezi ambao bajeti bado inabishaniwa.

Agosti 2024 ilituonyesha hayo bila chenga. Awamu ya pili ya nyongeza iliyokwisha kukubaliwa ilipaswa kuanza Julai. Mswada wa Fedha, uliolenga kuongeza kodi, ukaondolewa baada ya maandamano ya vijana ya Juni, matumizi yakapunguzwa, na walimu wakaambiwa fedha zao zimekatwa. Hapa serikali haikuwa inatunga uongo, maana pengo lilikuwepo kweli. Vyama vikatoa ilani ya kugoma siku shule zinafunguliwa, Agosti 26, na ghafla mabilioni yale yakapatikana. KNUT ikasitisha mgomo wake usiku wa kuamkia siku hiyo. KUPPET, chama cha walimu wa sekondari na vyuo kilichokuwa na madai mengine, kikagoma kama wiki moja. Ukiwa mwalimu, somo gani ungelichukua hapo? Miezi miwili ya barua haikutoa shilingi, ilani ya siku chache ikatoa zote.

Kwa hiyo naona ni makosa kuupima mgomo kana kwamba upande wa pili wa mizani hauna kitu. Upande huo una kile ambacho ukimya ungegharimu, na gharama hiyo haionekani kwa sababu humwangukia mtu mmoja mmoja aliye mbali na kamera, akiwa ameshapokea saa ya ukutani kwenye sherehe ya kumuaga na kurudi kwao.

Tangu Januari 2021, walimu walio chini ya miaka 45 wakati huo walihamishiwa mfumo wa kuchangia. Mwalimu sasa hukatwa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi, na mwajiri huongeza asilimia 15. Wapo wanaodhani ugomvi wa pensheni umekwisha, kwa kuwa fomula ya mshahara wa mwisho haimhusu tena kijana. Mimi naona umesambazwa tu. Zamani ucheleweshaji ulimuumiza aliyekuwa anastaafu. Sasa kila mwezi ambao nyongeza haijaingia, akaunti ya kila mwalimu inakosa mchango wake, mchango wa mwajiri na faida ambayo hela hiyo ingezaa kwa miaka 20 au 30. Mkataba wa mishahara ya walimu wa 2025 hadi 2029, wa Sh33.8 bilioni, nao unalipwa kwa awamu.