Mtoto hataki mafunzo, anataka hadithi

Wazazi wa Kitanzania tukikutana huku Uingereza, swali la vitabu halikosekani: nimtafutie mtoto vitabu gani ili Kiswahili kisimpotee? Jibu langu huwaudhi baadhi ya watu. Wengi wetu tunachagua vibaya kwa sababu tunatafuta mafunzo, na mtoto wa miaka mitatu hana shida na mafunzo. Anachotaka kujua ni fisi ameingiaje shimoni na atatokaje.

Kwa wingi wa vitabu, tuseme kweli, huku wametuacha mbali. Sheria ya maktaba ya mwaka 1964 inazibana halmashauri ziwe na maktaba za umma, na kuazima kitabu ni bure. Kuna pia mpango ulioanzia Birmingham mwaka 1992 wa kuwapa watoto wachanga vitabu vya bure, kwa hiyo mtoto hajaota meno na tayari ana kitabu cha kurasa ngumu. Atakitafuna, na ni sawa, ndivyo kilivyotengenezwa. Matawi mengi ya maktaba yamefungwa bajeti zilipokatwa, lakini yaliyobaki yana kona ya watoto yenye zulia, na hakuna anayekuuliza mwanao yuko darasa la ngapi.

Kwetu swali hilo ndilo la kwanza. Ingia duka la vitabu Dar es Salaam, sema unataka kitabu cha mtoto, utaulizwa yuko darasa gani. Simlaumu muuzaji. Biashara ya vitabu vya watoto nyumbani inategemea shule, kwa kuwa shule ndiyo mnunuzi mkubwa. Hata Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991 na kuwafungulia njia waandishi na wachoraji wetu, ulinunua nakala kwa wachapishaji ukazipeleka shuleni. Bila msaada huo vitabu vingi visingechapwa kabisa. Ila mnunuzi akiwa shule, kitabu nacho huanza kuvaa sare: mtoto mtiifu anapata zawadi, mkaidi anavunjika mguu, na ukurasa wa mwisho una maswali ya ufahamu.

Cha ajabu, hadithi zetu za mdomo hazina adabu hiyo. Sungura ni mwizi na mwongo, anaiba karanga kwenye shamba la watu, anamsingizia fisi, na sisi tunamshangilia. Tena huwezi kumsikiliza msimulizi kimyakimya. Akisema Paukwa, unajibu Pakawa, asipoitikiwa, haanzi. Huku hadithi ya kitandani ina kazi ya kumtuliza mtoto hadi usingizi umchukue, na wazazi wengi hukereka akikatiza. Mimi nadhani anayekatiza ndiye anayesikiliza.

Kwa hiyo maktaba naazima vile vyenye maneno machache na picha zenye mambo mengi. Picha haina lugha: kitabu ni cha Kiingereza, nasimulia kwa Kiswahili nikifuata ninachokiona. Visivyo na neno hata moja ndivyo bora, japo wazazi huvirudisha rafuni wakiona wamepunjwa. Mchoraji mzuri utamjua kwa kitu kimoja: anachora kile ambacho maneno yanakificha. Maandishi yanasema mtoto amelala; picha inaonyesha jicho moja liko wazi. Hapo mwanao atakupigia kelele kwamba unasoma uongo, na mazungumzo yameshaanza bila wewe kuuliza swali la ufahamu. Vyenye vina vya Kiingereza nasoma kwa Kiingereza chake. Ukivitafsiri papo hapo vinafia mdomoni.

Vya lugha mbili, pitia Kiswahili chake kabla ya kulipa. Nimeona vya bei mbaya ambavyo ngeli zimevurugika kurasa nzima, na mtoto wa ughaibuni hana jirani wa kumsahihisha. Heri uingie tovuti ya African Storybook, iliyoanzishwa Afrika Kusini, au StoryWeaver ya India. Hadithi ziko wazi, unaruhusiwa kuzichapa na hata kuzirekebisha. Ubora unapanda na kushuka kwa sababu waandishi ni wengi, lakini sentensi ikikukera unaibadilisha.

Kuna wanaosema la msingi ni mtoto aone sura nyeusi kitabuni. Naafiki, lakini haitoshi. Mahubiri yaliyochorwa mtoto mweusi bado ni mahubiri. Na vile vya huku vinavyotuhusu vimejaa twiga na jua linalozama. Daladala huioni, ghorofa huioni, mtu aliyechoka foleni huyumo.

Ndugu wanaokuja kututembelea huuliza waje na nini. Vitabu vya herufi msihangaike navyo. Shule huku inampokea mtoto wa miaka minne na herufi atazikuta hukohuko. Leteni hadithi, hata ambayo haijawahi kuandikwa. Bibi airekodi kwenye simu, ndiyo, ila mwambieni akishasema Paukwa anyamaze kidogo. Rekodi nyingi tunazotumiwa bibi anauliza na kujijibu mwenyewe, mtoto anabaki ameduwaa mdomo wazi.