Jiji lisilo na ufukwe: tujenge nini kando ya makorongo ya Dodoma?

Simulizi maarufu ya jina la Dodoma ni ya tembo aliyeshuka kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu, akanasa topeni, na Wagogo waliomkuta wakasema "idodomya", amezama. Huikumbuka simulizi hiyo kila ninaposikia watu wakibishana kama jiji hili linahitaji njia za matembezi kando ya maji. Kingo za maji za huku hazitulii. Sehemu kubwa ya mwaka korongo ni mchanga mkavu ambao watoto wanachezea mpira. Mvua za Desemba zikishika, korongo lile lile linashuka na magogo.

Wanaotaka njia hizo wanaomba vijia vya waenda kwa miguu, taa, miti ya kivuli, vyoo na vivuko, kandokando ya makorongo yanayokatiza mitaa na kwenye Bwawa la Hombolo. Wanaopinga wanasema hiyo ni anasa: maji ya miezi michache hayastahili fedha hizo wakati kuna mitaa isiyo na lami wala maji ya bomba.

Wa kwanza wana historia upande wao. Serikali iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu hapa, na mpango mkuu wa mwaka 1976, uliochorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, ulimtanguliza mwenda kwa miguu na basi, si gari binafsi. Tulichojenga baadaye ni mitaa iliyotawanyika na barabara pana za kuvuka kwa mbio. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo ambalo sasa ni Jiji la Dodoma. Ya 2022 ikakuta 765,179. Wengi wa walioongezeka hawana gari. Wanatembea kwenda kituo cha daladala, sokoni, shuleni, na mara nyingi njia fupi kuliko zote inapita ndani ya korongo. Kwa hiyo swali la kama watu watembee kando ya makorongo limeshajibiwa na miguu yao. Kilichobaki ni kama watapita salama.

Nimesimama kwenye ukingo wa korongo asubuhi baada ya mvua ya usiku, nikaona wanafunzi wamevua viatu, wamekunja sare, wanashikana mikono kuvuka maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mzee mmoja alikuwa amesimama katikati anawapokea mmoja mmoja. Hapo ndipo ninaposhindwa kabisa kuikubali hoja ya "anasa". Daraja jembamba la miguu mahali pale si bustani ya kupigia picha.

Lakini wapinzani nao wana neno zito, na si lile la bajeti peke yake. Ni la watu wanaoishi pembezoni mwa korongo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Mita 60 kila upande ni ukanda wa mita 120 kabla hujahesabu korongo lenyewe. Ukiupitisha mstari huo kwenye mtaa uliokwisha kujaa, hupati kijia, unapata bomoabomoa. Na tunajua jinsi inavyokwenda: aliyejenga chumba na sebule anaondoka, halafu miaka michache baadaye panasimama ukumbi wa sherehe wenye ukuta hadi ukingoni. Dar es Salaam, kwenye Bonde la Msimbazi, mradi wa kutengeneza bonde ulilazimika kuanza na kuwalipa fidia wenye nyumba. Asiye tayari kulipa asianze kuchora.

Pamoja na hofu hiyo, naona kijia ni mlinzi mzuri wa ukingo kuliko bango la "usijenge hapa". Mahali watu wanapopita asubuhi na jioni ni vigumu mtu kumwaga taka usiku au kusogeza uzio taratibu bila kuonekana. Hata wachimba mchanga, ambao kwa kweli ndio wanaolisha ujenzi wa jiji hili, wanaweza kupangiwa sehemu na kina. Leo wanachimba popote, na ukingo unaliwa kutoka chini hadi nyumba inabaki inaning'inia.

Namna ya kujenga nayo ina maana kubwa. Mazoea yetu ni kumwaga zege: korongo linageuzwa mtaro mrefu wenye kuta zilizosimama. Maji yanakimbia haraka, kweli, lakini yanamkimbilia aliye bondeni, na watu wa Nkuhungu, kata ya hapa jijini, hawahitaji kufundishwa maana yake. Tena mtaro wa namna hiyo unaugawa mtaa. Jirani aliyekuwa hatua thelathini anakuwa wa kuzunguka. Ningependelea ukingo wa mteremko, wenye masanduku ya waya yaliyojazwa mawe pale maji yanapopiga kona na nyasi mahali pengine, kijia kikiwa nyuma kidogo ya ukingo, kwa sababu korongo huhama. Zege libaki kwenye vivuko na pale pasipo na njia nyingine.

Hombolo ni habari tofauti, na hapa nakubaliana zaidi na wenye shaka. Bwawa hilo la mwaka 1957 liko mbali na katikati ya mji, takriban kilomita 40. Ukijenga hoteli na njia ya matembezi huko bila usafiri wa uhakika, umewajengea wenye magari. Wenyeji wa bwawa ni wavuvi, wakulima wa zabibu na bustani, na wafugaji wanaoshusha ng'ombe kunywa. Uzio mmoja mbaya unaweza kuwafungia wote watatu. Halafu kuna tope linalojaza bwawa mwaka hadi mwaka kutoka mashamba ya juu. Kingo zikipambwa huku vilima vikiendelea kuwa vitupu, taa zitaishia kumulika matope.

Najua wenye shaka watatajiwa Forodhani, bustani ya ufukweni Zanzibar, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati. Ni mfano mzuri, lakini Forodhani ilikuwa tayari imejaa watu na vyakula vyao. Hombolo ipate kwanza mwalo wenye kivuli na choo, njia ya ng'ombe isiyochanganyika na ya watoto, na basi la Jumamosi. Hoteli ingoje.

Na mjini, kabla ya mvua zijazo, kila mwenyekiti wa mtaa anaweza kuulizwa jambo moja: wanafunzi wako wanavukia wapi korongo likijaa? Majibu hayo yawekwe kwenye ramani, na fedha ya kwanza iende kwenye vivuko hivyo, hata kama havina benchi wala taa. Yule mzee hatasimama majini kila mwaka.