Grainda Imeingia Karakana Bila Kupita Jandoni

Mjomba alinifundisha kuchonga mpingo kwa miaka mitatu, na miezi minne ya mwanzo sikuruhusiwa kugusa gogo. Kazi yangu ilikuwa kunoa. Nilinoa tezo, nilinoa patasi, nilinoa kisu cha kumalizia, naye akipita anajaribu makali kwa ukucha wa kidole gumba, anakirudisha chini bila neno. Nikanoa tena. Siku aliponipa tezo alinikalisha chini, akaniwekea gogo katikati ya nyayo, akanionyesha pa kuelekeza makali ili yakiteleza yaishie mchangani, yasiishie kwenye muundi wangu. Nilikuwa na miaka 14. Leo nina vidole vyote kumi vya mikono na kumi vya miguu, na kwa hilo namshukuru yeye.

Mwaka juzi nilipita kwenye karakana moja ya mageti hapa Mtwara mjini, nikamkuta kijana mwenye siku mbili tu kazini ameshika grainda, ile mashine ya kukatia chuma kwa jiwe bapa linalozunguka. Miguuni kandambili, machoni miwani ya jua, na mashine yenyewe haina kava la kufunika jiwe wala mpini wa pembeni. Nilimuuliza mwenye karakana kava liko wapi. Akanijibu kwa upole tu, "Mzee, lile linaziba, fundi haoni anapokata." Sikubishana naye. Nilinunua bawaba zangu nikaondoka, na kuondoka kule kunanisumbua hadi leo, maana wiki ya tatu jiwe lilipasuka na kipande chake kikampiga yule kijana shavuni, chini kidogo ya jicho. Jicho lilipona. Taya lilishonwa, na mpaka sasa anatafuna kwa upande mmoja.

Kwetu huku mtoto wa kiume haachwi aingie utu uzima peke yake. Anapelekwa jandoni, anakaa na wakubwa, anaambiwa yasiyosemwa barazani, na anatoka akijua nini kinaruhusiwa na nini hakiruhusiwi. Tezo nalo lina jando lake, nimekwisha kulisimulia. Grainda imekuja na boksi, ikachomekwa ukutani, na siku hiyohiyo akakabidhiwa mtoto wa watu. Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo lililonifanya niandike.

Nianze na lile jiwe lililopasuka, kwa sababu watu wengi wamelitaja kama bahati mbaya. Halikuwa bahati mbaya. Lilikuwa jiwe la inchi 7 lililofungwa kwenye grainda ndogo ya inchi 4 na nusu. Linaingia vizuri kabisa, kwa kuwa tundu la katikati ni lilelile, milimita 22 na kidogo. Kinachozuia lisiingie ni kava peke yake. Ndiyo maana kava likishatolewa, mlango wa maafa uko wazi: jiwe kubwa linakata ndani zaidi, linadumu zaidi, na fundi anaona amepata mashine kubwa kwa bei ya ndogo.

Sasa tufanye hesabu. Jiwe la inchi 7 limeandikwa usoni kwamba lisizidi mizunguko 8,500 hivi kwa dakika. Grainda ndogo inazunguka 11,000 au zaidi. Ukingo wa jiwe lile umetengenezwa kuhimili mwendo wa mita 80 kwa sekunde, yaani kilomita 288 kwa saa, wakati basi la Dar limewekewa ukomo wa kilomita 80. Ukilifunga kwenye mashine ndogo, ukingo unakimbia zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Na nguvu inayolivuta jiwe lichanike haiongezeki sawa na mwendo, inaongezeka kwa mwendo mara mwendo. Hapo imepanda kwa theluthi mbili hivi juu ya ile lililoruhusiwa kubeba. Kijana yule alikuwa ameshika bomu lenye swichi.

Hivyo hivyo kwa viporo. Nimeona mafundi wanaokusanya mawe ya inchi 9 yaliyolika hadi yakawa madogo, wakayamalizia kwenye grainda ndogo ili yasipotee bure. Jiwe la inchi 9 lilitengenezwa kwa mizunguko 6,600 kwa dakika. Kulika hakulipi nguvu mpya. Litupwe.

Jambo jingine ambalo nadhani hata mafundi wazoefu hapa kusini hawalitazami ni tarehe. Mawe haya yana umri. Gundi inayoshikilia chembe zake inachoka, na inachoka haraka zaidi penye unyevu, nasi tunakaa kando ya bahari ambako hata chumvi ya mezani inaganda kwenye kopo. Angalia ile pete ya chuma katikati ya jiwe zuri: imegongwa mwezi na mwaka, na tarehe hiyo ni mwisho wa matumizi, miaka mitatu tangu kutengenezwa. Jiwe lisilo na mizunguko iliyoandikwa, lisilo na kipimo, lisilo na tarehe, mimi silifungi kwenye mashine yangu hata nikipewa bure. Na nililonunua silazi sakafuni. Nalilaza bapa kwenye rafu kavu, na likidondoka kwenye saruji nalivunja kwa nyundo palepale ili mwingine asije akaliokota.

Lipo pia suala la kurushwa. Ukiwauliza mafundi kwa nini grainda inaruka usoni, watakwambia ilikosa kushikwa kwa nguvu. Mara nyingi kosa limefanyika kabla hata ya swichi kuwashwa, pale chuma kilipowekwa. Chukua bomba la mraba, liegemeze ncha zote mbili juu ya matofali, kisha ulikate katikati. Likikaribia kukatika linainama kwa uzito wake, mdomo wa mkato unafunga, jiwe linabanwa, na nguvu yote ya mota inakosa pa kwenda isipokuwa kuirudisha mashine kwako. Bana bomba karibu na unapokata, upande unaobaki uache uning'inie huru, ukianguka uanguke. Mkato utafunguka wenyewe. Simama pembeni ya mstari wa jiwe, mikono yote miwili kwenye mashine. Mpini wa pembeni haukuwekwa kuwa pambo.

Hapa sisi wachongaji tuna hatari yetu wenyewe, na nawaambia wenzangu kwa sababu sijasikia anayeisema. Tumezoea kubana gogo kwa nyayo. Kwa tezo ni sawa, mababu wamefanya hivyo, mkono unapanda na kushuka na mwili unajua makali yako wapi. Ukileta grainda kwenye mkao uleule, umeiweka mashine katikati ya mapaja, palipo na mshipa mkubwa wa damu ambao ukikatika dakika chache zinatosha kumaliza mtu. Usichonge kwa mashine ukiwa umekaa chini. Nunua jiliwa la kubania gogo, lifunge kwenye meza nzito, simama.

Na wale wanaofunga bapa la msumeno lenye meno kwenye grainda ili kumenya mpingo, nawasihi waache. Najua kwa nini wanafanya. Mpingo ni mgumu, ukiutupa majini unazama, na kumenya gogo kwa tezo ni kazi ya siku nzima. Lakini meno ya msumeno yakikutana na kifundo hayasagi, yanang'ata na kupanda. Mashine inatembea juu ya gogo kuelekea mkono uliolishika. Nimepeana mikono na wachongaji watatu ambao viganja vyao vinasimulia habari hii.

Tuna pia tatizo la umeme. Unakata chuma, umeme unakatika, mashine inanyamaza, unaiweka chini na kwenda kununua maji ya kunywa. Swichi yake ni ya kusukuma na kujifunga, imebaki mbele. Umeme ukirudi, grainda inaamka peke yake mezani na kuanza kukimbia. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Ilivuta waya wake, ikaangukia ndoo, mtoto wa jirani alikuwa hatua nne kutoka pale. Tangu siku hiyo kwangu ni sheria: umeme ukikatika, kwanza swichi nyuma, kisha plagi nje, ndipo mtu aondoke. Na jiwe halibadilishwi plagi ikiwa ukutani. Fundi anayeshika spana huku kidole kikiwa jirani na swichi hajaokolewa na uzoefu, ameokolewa na siku.

Mimi mwenyewe natumia pia ile mashine ndogo ya mkono, nene kama tochi, kwa macho na nywele na kucha za vinyago. Naipenda sana. Kazi ya siku mbili kwa ncha ya kisu inakwisha asubuhi moja. Lakini udogo wake unawadanganya watu. Inafika mizunguko 30,000 na kuzidi kwa dakika. Shina la kijiwe likichomoza mno, kwa mwendo huo linapinda ghafla na kuchapa kama fimbo, kwa hiyo liingize ndani kadiri linavyoingia na uanze taratibu. Brashi ya waya nayo isizidi mizunguko 15,000. Mpwa wangu aliizungusha hadi mwisho, nyuzi zikaanza kuchomoka, na jioni nilitoa nyuzi sita kwenye kifua cha shati lake. Alikuwa amevaa miwani ya kinga. Nasema tena, alikuwa amevaa.

Kuhusu miwani sina mengi. Ya jua si kinga, na hata ya kinga peke yake haitoshi kwa kukata chuma. Vaa na ngao ya uso juu yake. Cheche ikiingia jichoni usisugue, usimwagiwe maziwa ya mama, usimruhusu mwenzako aichokonoe kwa njiti ya kiberiti. Nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu kipande cha chuma huanza kuota kutu ndani ya jicho baada ya saa chache tu. Shati liwe limechomekwa, mikono yake isining'inie, shanga na kamba za shingoni zivuliwe. Pipa lililowahi kubeba petroli lisikatwe kwa grainda, hata kama limekaa wazi mwezi mzima.

Vumbi la mpingo lina habari yake. Tezo hutoa vibanzi. Vinaanguka chini, vinafagiwa, vinawashwa moto. Mashine inasaga mpingo kuwa unga mweusi laini unaoelea, na unga huo unawasha ngozi, unavimbisha kope na unaingia kifuani. Vumbi la mbao kwa jumla limethibitishwa kuwa linaweza kusababisha saratani ya pua kwa waliolivuta miaka mingi. Mjomba alichonga miaka arobaini na kifua chake kilikuwa safi. Sisi tumebadili chombo, lazima tubadili na desturi: chonga nje au penye upepo unaopita, vaa barakoa inayokaza usoni, oga kabla ya kumbeba mtoto.

Najua nitakachojibiwa. Oktoba minada ya korosho ikianza, kila mwenye fedha anataka geti, madirisha na mlango kabla Krismasi haijafika, na fundi anayejivuta anapoteza oda. Ni kweli. Nami nawarudia wateja, wakiwemo ndugu zangu wa Newala na Tandahimba wanaoagiza kwa simu na kupiga kila jioni kuuliza kazi imefikia wapi: haraka yenu ndiyo inayotoa kava. Mkienda kuagiza geti, tazameni mashine kabla ya kutazama michoro. Ikiwa haina kava, agizeni kwingine na mseme kwa sauti kwa nini. Wenye karakana nao wana sheria juu yao, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayomtaka mwajiri kumlinda anayemfanyia kazi. Lakini mkaguzi hawezi kusimama chini ya kila mwembe ambako mtu amechomeka grainda. Aliye karibu na yule kijana ni fundi wake.

Kwetu Wamakonde mjomba ana deni kwa mpwa wake tangu azaliwe. Wangu nilimweka mwezi mzima bila kuwasha kitu. Alijifunza kusoma mawe, kutaja mizunguko ya kila moja bila kutazama, kufunga na kufungua kwa plagi iliyolala mezani mbele yake, kupanga chuma ili mkato ufunguke. Alinung'unika. Siku ya kwanza kuwasha nilisimama nyuma yake, tukaliacha jiwe jipya likizunguka dakika nzima bila kugusa chochote, hakuna mtu mbele yake wala kwenye mstari wake, ndipo akakata.

Jumamosi iliyopita nilimtuma dukani. Alichelewa, nikaanza kukasirika. Aliporudi aliniambia, "Shikamoo Mjomba. Nimewarudishia mawe mawili, tarehe imepita. Wamenifokea lakini wakabadilisha." Akaniwekea yale mapya mkononi, pete ikiwa juu, nisome mwenyewe.